Neno "fast" hospitalini: niliyojifunza kwenye ukalimani

Sikupanga kuwa mkalimani. Nimezaliwa Tanga, nikaja Louisville, Kentucky, kumfuata mume wangu, na kazi yangu ya kwanza hapa ilikuwa ya usiku, kupanga mizigo kwenye ghala. Mtaa tuliopanga ulikuwa na Wakongo wengi: watu wa Uvira, Fizi, Bukavu na Kasongo, waliokaa miaka na miaka kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu (Tanzania) au Nakivale (Uganda) kabla ya kuletwa Marekani. Waliponisikia nikiongea walisema Kiswahili changu ni cha redioni, halafu wakaanza kuniletea barua zao niwasomee. Ya shule, ya umeme, ya hospitali. Za hospitali ndizo zilizokuwa nyingi, na ndizo zilizoninyima usingizi.

Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu wanaofikiria kuingia kwenye kazi hii, na kwa yeyote anayempeleka mama yake au mjomba wake hospitali ya Kiingereza. Nitashika neno moja tu, "fast". Lina herufi nne, na kila aliyepita shule analijua kuwa ni "haraka". Mimi nimelikuta hospitalini likiwa na maana zisizofanana hata kidogo, na kila moja ikikosewa kuna mtu anaumia. Mambo madogo madogo kuhusu wagonjwa nimeyabadilisha ili asitambulike mtu.

Kwanza mafunzo na pesa, maana watu huuliza hapo kabla ya pengine popote. Kwa kawaida mkalimani wa hospitali Marekani anatakiwa awe amesoma kozi ya saa zisizopungua 40. Baada ya hapo kuna vyeti vya kitaifa. Mmoja wa mitihani hiyo, CoreCHI, hufanywa kwa Kiingereza kitupu, na Waswahili tunaufanya huo kwa sababu ule wa mdomo wa lugha mbili uko kwa lugha chache tu, kama Kihispania, Kiarabu na Kimandarini. Maana yake ni kwamba hakuna anayekupima Kiswahili chako kwa kina. Unaweza kutoka na cheti kizuri na bado usijue mtu wa Fizi anaitaje kiungulia. Hilo ni jukumu lako mwenyewe.

Kozi niliilipia kwa akiba ya kazi ya ghalani, na ilinichukua muda kuirudisha. Kampuni ya kwanza iliyonipa kazi ililipa saa za ukalimani tu; mafuta ya gari na muda wa njiani vilikuwa juu yangu, na mgonjwa asipotokea hapakuwa na malipo. Kabla hujasaini, uliza mambo haya: kwa uchache wanalipa muda wa saa ngapi kila ukiitwa, safari nani anaigharimia, na miadi ikifutwa asubuhi ile ile inakuwaje. Niliona aibu kuuliza pesa mbele ya watu niliowaona wakubwa, na aibu hiyo ilinigharimu.

Kwenye kozi nilijitayarisha kwa maneno marefu. Nilijaza daftari majina ya magonjwa, ya viungo, ya mashine. Kumbe maneno marefu ndiyo mepesi. Jina la ugonjwa lenye silabi nane lina maana moja, na ukilijua umelijua. Ukiwa hulijui, sikio lenyewe linakushtua na unaomba ufafanuzi. Neno fupi halikushtui. Linapita kwenye sikio kama unalijua, na mdomo unalitoa kabla akili haijauliza.

Nilikutana nalo kwa mara ya kwanza, na kwa uzito, kwa mama mmoja kijana kutoka pande za Uvira. Alikuwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo na alipangiwa operesheni. Mara ya kwanza hakutokea. Ya pili hakutokea. Faili lake likaandikwa kuwa ni mgonjwa asiyefuata maelekezo, na maneno hayo hapa hayafutiki kirahisi. Nilipoitwa, muuguzi alikuwa tayari amekasirika. Akamwuliza kwa Kiingereza kama safari hii angekubali "to fast". Yule mama alinitazama, akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini:

"Dada, mimi sikukataa operesheni. Nilikataa kufungwa. Niko na batoto babili tu."

Barua alikuwa amesomewa na mwanawe wa kiume, mtoto wa shule. Kijana aliona neno, akajua kuwa ni mfungo, akamwambia mama yake: wanasema kabla ya operesheni lazima ufunge. Tafsiri ile ilikuwa sahihi kabisa. Lakini mwanamke anayeambiwa habari za operesheni, hospitali na kufunga katika sentensi moja anasikia nini? Anasikia kufunga uzazi. Kwa mwanamke aliyekimbia vita na kukaa kambini, na kusikia huko kila aina ya uvumi juu ya wazungu na matumbo ya wanawake, hofu hiyo si ujinga. Alikaa nyumbani na maumivu yake, usiku akijikunja kitandani, ili asifungwe kizazi.

Kanuni ya kazi yetu hairuhusu nimtulize kwa maneno yangu mwenyewe. Nilimwambia muuguzi yote aliyosema, kama alivyoyasema. Kisha nikajitaja kama inavyotakiwa: mkalimani anaomba kueleza kuwa neno lililotumika lina maana nyingine kwa Kiswahili. Yule muuguzi aliweka kalamu chini. Alivuta kiti, akakaa usawa wa macho ya mgonjwa, akafungua fomu ya ridhaa na kumwonyesha mstari kwa mstari ni kiungo gani kingetolewa, na kwamba kizazi hakiguswi. Mama alilia, na mimi koo lilinikaba. Operesheni ilifanyika wiki ile.

Tangu hapo nilianza kuliogopa "funga" letu kama ninavyoliogopa "fast" lao. Hebu lifikirie ukiwa hospitalini tu: kufunga choo, kufunga kidonda, kufunga uzazi, kufunga saumu. Ukitoka nje ya hospitali kuna kufunga ndoa, kufunga safari, kufunga bao, kufungwa jela. Sisi tunaelewana kwa sababu neno la pili linafuata mara moja. Linapoachwa peke yake, kila mtu analijaza kwa anachokiogopa au anachokiamini.

Anachokiamini, nasema, kwa sababu mzee aliyefuata alikuwa mtu wa Kasongo, Maniema, Mwislamu wa ukoo wa Waislamu. Nilimwamkia shikamoo kwa mazoea ya Tanga, akaniitikia "jambo sana, binti yangu". Alikuja kupimwa sukari ya asubuhi, ile ya tumbo tupu. Kliniki ilimpa karatasi ya Kiswahili, nzuri, imechapwa vizuri, imeandikwa: tafadhali funga kwa saa 8 kabla ya kipimo. Mzee akafunga. Aliamka alfajiri, akala daku ya wali na maharage, akatia nia, na kuanzia hapo hakumeza hata tone la maji. Vidonge vyake vya sukari pia hakuvimeza, maana dawa inafunguza. Saa mbili na nusu asubuhi alikuwa amekaa kwenye kiti cha maabara, midomo imemkauka, na mishipa ya mkono haionekani kwa ukosefu wa maji.

Mpimaji alipouliza mara ya mwisho alikula saa ngapi, mzee alijibu kweli tupu: kabla ya alfajiri. Akaambiwa arudi siku nyingine, hakufunga. Sijawahi kumwona mtu mzima ameumia vile kwa neno moja. Kwake yeye kuambiwa hakufunga ni kuambiwa muongo mbele ya Mungu. Aliapa. Alikuwa amepanda mabasi mawili kuja.

Kipimo kile kinataka tumbo liwe bila chakula angalau saa 8 mfululizo, na maji matupu yanaruhusiwa, hata yanasaidia. Hesabu yake ni nyembamba: kwa vipimo vya Marekani (mg/dL), chini ya 100 ni kawaida, 100 hadi 125 ni dalili ya kuelekea kwenye kisukari, na 126 kwenda juu, ikithibitishwa mara ya pili, ni kisukari. (Nyumbani Tanzania mashine nyingi husoma kwa kipimo kingine (mmol/L), na hiyo 126 inakuwa 7.0. Usichanganye namba hizo unapozungumza na ndugu kwa simu.) Sahani moja ya wali alfajiri inatosha kumhamisha mtu kutoka kundi moja kwenda jingine. Karatasi ile nzuri ingeweza kumpa mzee dawa asizozihitaji, au kumwongezea alizonazo.

Hapo ndipo nilipokwenda maktaba ya mji kulitafuta neno lenyewe lilikotoka. Nilitaka kujua kwa nini lugha moja imelipa neno moja mbio na njaa. Kamusi kubwa za Kiingereza zinasema mzizi wake haukuwa na mbio wala njaa ndani yake. Katika Kiingereza cha kale "fæst" ni kitu kilichokaza, kilichoshikilia, kisichotikisika. Wajerumani bado wana "fest" kwa maana hiyo hiyo. Ndiyo maana Waingereza wakifunga mkanda wa gari wanasema "fasten", na usingizi mzito, ule wa fofofo, wanauita "fast asleep".

Mfungo unatoka hapo hapo. Kujizuia kula ni kujishika, kukaza amri. Katika Kigothi, lugha ya kale ya jamii moja na Kiingereza na Kijerumani, ambayo Biblia ilitafsiriwa kwayo katika karne ya 4, kitenzi "fastan" kilibeba yote mawili: kushika, kama mtu anavyoshika amri, na kufunga kula. Niliposoma hilo nilifunga kitabu nikakaa kimya, kwa sababu ni Kiswahili hiki hiki changu. Sisi nasi tulichukua neno la kamba na mlango tukaliweka kwenye saumu, bila kuwauliza Wagothi. Mlo wa asubuhi kwao ni "breakfast", kuvunja mfungo. Kwetu ni kifungua kinywa. Na bibi yangu alihesabu miezi kwa mtindo wa pwani: ukiisha Ramadhani inaingia Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, mpaka Mfunguo Sita ambao ni wa Maulidi, na kuendelea hadi Mfunguo Tisa. Karibu mwaka mzima umepewa jina kwa kule kufungua.

Na mbio je? Hapo nilihangaika zaidi, mpaka nikakumbuka tunavyosema kaza mwendo. Kukimbia "fast" hapo zamani kulikuwa kukimbia kwa kukaza, kwa nguvu, bila kulegea. Anayekimbia kwa kukaza anafika upesi, na taratibu ule upesi ukameza maana ya nguvu. Kufikia karne ya 16 neno lilikuwa limeshakaa kwenye mwendo wa haraka. Mwalimu wangu wa shule ya msingi angenieleza hivyo, nisingelisahau kamwe: "funga" na "kaza" ziko pamoja ndani ya neno moja la Kiingereza.

Lakini mzizi usikulevye. Kufanana huko kwa "fast" na "funga" ndiko kulikomponza yule kijana na aliyeandika ile karatasi. Tafsiri ilikuwa barabara kwenye kamusi, wala hakuna aliyeitilia shaka. Tafsiri mbaya huonekana. Mtu anakunja uso, anauliza. Hii ilipita bila swali na kwenda kukaa kwenye dini ya mtu na kwenye hofu yake.

Maana ya tatu ilinifundisha kinyume chake. Kuna kijana aliyetakiwa kutoa makohozi mara tatu kwa sababu picha ya kifua ilionyesha kivuli. Wakimbizi hupimwa kifua kikuu kabla hata ya kupanda ndege, kwa hiyo alijua uzito wa jambo, na alikuwa amejifungia chumbani mbali na wadogo zake. Majibu yalipokuja daktari alisema hawakuona "acid-fast bacilli". Kijana ana Kiingereza kidogo cha darasani, akalidaka neno. "Dada, amesema fast. Ni vijidudu vya kwenda mbio?"

Bahati yangu ni kwamba kwenye kozi tulikuwa na mwalimu aliyewahi kufanya kazi maabara, na mwenzetu mmoja alipotafsiri kwenye mazoezi "vijidudu vya asidi vyenye kasi", mwalimu alisimamisha somo zima kutueleza. Kwenye njia ya zamani ya Ziehl na Neelsen, makohozi hupakwa kwenye kioo, yakatiwa rangi nyekundu na kupashwa moto. Kisha kioo kinaoshwa kwa asidi iliyochanganywa na spiriti. Vijidudu vingine karibu vyote vinaachia rangi. Vya kifua kikuu vina ukuta wenye nta, vinaishikilia rangi kama kanga nzuri isiyochuja. Mwishoni hutiwa rangi ya bluu, na anayechungulia kwenye hadubini huona vijiti vyekundu vyembamba juu ya uwanja wa bluu. Robert Koch alitangaza kuwa amekipata kijidudu chenyewe Berlin, Machi 24, 1882, na mwaka huo huo Paul Ehrlich akagundua kuwa asidi haiwezi kukinyang'anya rangi. "Fast" ya hapo ni ile ile ya kale: iliyoshika, isiyoachia.

Tena vijidudu hivyo ni vya polepole kuliko karibu vyote. Bakteria wa kawaida wa tumboni wakipata mazingira mazuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Hawa huchukua saa 15 hadi 20 kugawanyika mara moja tu. Ndiyo sababu kipimo cha kuwaotesha maabara kinaweza kuchukua wiki 6 hadi 8 kabla ya kusema hakuna kitu. Kijana alipoambiwa kuwa makohozi ni masafi lakini asubiri wiki zote hizo, kama asingeelezwa vizuri angedhani anafichwa. Kwa mgonjwa neno linalofaa ni: kwenye makohozi yako hawakuonekana vijidudu vya TB, bado wanavisubiri vioteshwe, na vinaota polepole. Usilete asidi wala kasi hapo.

Kisha kuna simu. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi inafanyika kwa simu au video, unakaa nyumbani na vifaa vya masikioni, humwoni muuguzi, na mtoto wa mgonjwa analia nyuma. Muuguzi wa kisukari aliniambia sentensi moja niifikishe kwa mama mmoja anayetumia insulini. Ndani yake mlikuwa na "fast-acting" na "fasting", zote mbili, kwenye laini inayokatika. Yasome kwa sauti uone yanavyokaribiana. La kwanza ni insulini ya kufanya kazi haraka, inayoanza ndani ya kama dakika 15 na huchomwa wakati wa kula. La pili ni kukaa bila kula. Maelekezo yake yalikuwa: hii ya haraka jichome unapokula tu; siku ya kipimo, ukiwa hujala, usijichome. Ukigeuza, mama anajichoma insulini kwenye tumbo tupu, sukari inashuka chini ya 70, anatetemeka, anatoka jasho, na akiwa peke yake anaweza asiamke.

Nilimwomba muuguzi arudie, mara mbili. Alichoka nami, nilimsikia kwenye pumzi. Nikamwomba aniambie rangi ya kalamu ya insulini na wakati wa kuitumia, badala ya jina. Baada ya simu nilivua vifaa nikakuta viganja vimelowa. Unalipwa kwa dakika, na kuna shinikizo la kumaliza upesi. Kwenye jambo la insulini liache shinikizo hilo lipite. Hakuna kampuni itakayokusimamisha kwa kuomba kurudiwa, na kama ipo, si mahali pa kukaa.

Chumba cha dharura wana ya kwao. Mtu akiletwa kutoka kwenye ajali, daktari hupaza sauti kuwa afanyiwe "FAST". Si uchunguzi wa haraka haraka, ingawa kwa kweli ni wa haraka: ni kifupisho cha kipimo cha ultrasaundi cha kutafuta damu iliyovujia tumboni au karibu na moyo. Mwambie mgonjwa kuwa watapaka jeli ya baridi tumboni na kupitisha kifaa juu ya ngozi kuangalia kama damu inavuja ndani. Yatosha.

Na kwenye ukuta wa chumba hicho hicho kuna bango la kiharusi lenye herufi hizo hizo, lililoanzia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1990, zikisimamia uso, mikono, maneno na muda. Bango hilo halifasiriki kwa herufi zake, na mimi nimeona tafsiri za Kiswahili zilizolazimisha. Mwambie mtu hivi: uso umeshuka upande mmoja, mkono mmoja haupandi, maneno hayatoki sawasawa, piga 911 sasa hivi. Wakongo wengi wanaijua kwa jina la Kifaransa, AVC, kwa hiyo taja yote mawili. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na daktari atauliza mara ya mwisho mgonjwa alionekana mzima saa ngapi. Hapo angalia saa. Mswahili akisema saa mbili asubuhi, andika 8:00. Wengine waliosoma Kifaransa husema saa kwa hesabu ya Kizungu hata wakiongea Kiswahili. Uliza: jua lilikuwa limechomoza? Watoto walikuwa wameenda shule?

Kazi hii inakaa mwilini. Kuna jioni nilirudi nyumbani nikashindwa kuongea lugha yoyote, nikawapikia watoto kimyakimya. Unasema "nina saratani" kwa nafsi ya kwanza, kwa sababu kanuni ni kusema kama mgonjwa anavyosema, na mwili haujui kwamba si wewe. Tafuta mkalimani mwenzako wa kuzungumza naye bila kutaja majina ya wagonjwa. Mimi nilichelewa kumpata wangu.

Daftari langu la maneno marefu sikulitupa, ila nimelipanga upya. Maneno mafupi nayaandika kwa mtu anayeyasema: "fast" ya mtu wa dawa ya usingizi kwenye operesheni, ya maabara, ya muuguzi wa sukari, ya dharura. Nikiingia chumbani nikajua ni nani anaongea, nusu ya kazi imekwisha. Kwa wanaojifunza sasa, naona njia hii ni bora kuliko kukariri orodha kwa alfabeti. Fanyeni hivyo kwa "discharge" pia (kuruhusiwa kwenda nyumbani, au uchafu unaotoka mwilini), na "positive" (kwenye kipimo ni kwamba ugonjwa umeonekana), ambayo ina wagonjwa wengi walioifurahia bure.

Kuhusu mfungo wenyewe, situmii tena "funga" peke yake kwa vipimo. Nasema kinachofanywa: "Leo usiku ukishakula chakula cha jioni, kuanzia saa sita usiku usile kitu chochote mpaka utolewe damu ya kipimo. Usinywe chai, maziwa, soda wala juisi. Maji matupu kunywa. Usiamke kula daku. Si saumu, ni tumbo tupu kwa ajili ya kipimo. Dawa zako, tumwulize daktari ipi umeze na ipi usubiri." Kwa operesheni maelekezo ya maji ni tofauti na hutolewa na mtu wa usingizi, mara nyingi maji yanasimama saa 2 kabla, kwa hiyo usiyachanganye na ya maabara. Kisha namwomba mhudumu amwombe mgonjwa arudie kwa maneno yake. Akirudia "nifunge", bado hatujamaliza.

Mwenye kisukari anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari mapema, wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi, dozi zipangwe upya, na aelewe kuwa sukari ikishuka chini ya 70 au kupanda juu ya 300 anatakiwa afungue hapo hapo. Wataalamu wa kisukari wamekubaliana hivyo, na masheikh wengi nilioongea nao hapa wanasema mgonjwa ana ruhusa. Yule mzee wa Kasongo siku hizi akisikia neno hilo tu, yeye ndiye anayeuliza: "Kufunga kwa hospitali ao kufunga kwa Mungu?"

Kwa wagonjwa na ndugu zao walioko Marekani: hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupa mkalimani bila malipo, kwa sheria ya haki za kiraia ya 1964 na kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010. Mtoto wako asitumike kukufasiria, isipokuwa kwenye dharura ambapo hakuna mwingine. Unapoweka miadi sema unataka Kiswahili, na kama ni cha Kongo kitaje hivyo, kwa sababu mimi wa Tanga huwa napitwa na maneno. Mkalimani usiyemwelewa unaruhusiwa kumkataa na kuomba mwingine, na daktari hatakasirika.